Ukihamia gesi, anza na dohani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo ambalo sisi mafundi wa boila na matanuri wa Mombasa tunaona linapuuzwa. Nyumba nyingi zenye tanuri la mkate uani, na nyumba za wageni zenye boila ya maji moto, zinaacha dizeli na kuingia gesi ya mitungi. Uamuzi ni mzuri. Gesi inaungua safi, haina ile harufu ya mafuta inayoingia mpaka kwenye unga, na moto wake unapimika. Lakini mwenye nyumba huuliza bei ya mtungi, bei ya bana, yaani kichomeo, na ujira wa fundi, kisha bana mpya inafungwa pale pale ilipokuwa ya dizeli na dohani, ile njia ya kutolea moshi, inaachwa ilivyo. Wengine husikia kwamba gesi haina moshi, wakaiziba dohani kwa matofali. Yote mawili ni hatari, na hilo la pili laweza kuua watu usiku wa kwanza.

Gesi haina moshi wa kuonekana, ila ina maji. Kila kilo ya gesi ya mtungi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Mtungi wa kilo 13 ukiisha, umetoa maji lita 20 hivi, dumu zima la kuchotea maji, na yote yamepanda dohanini. Dizeli ya kutoa joto lile lile, lita 16 au 17, hutoa maji pungufu kwa takriban moja ya tano. Hiyo si tofauti ya kutisha. Tofauti kubwa iko kwenye joto la kinachotoka. Bana ya dizeli, hasa ya zamani, hutupa hewa ya nyuzi 250 na zaidi, kwa hiyo ukuta wa dohani unabaki mkavu. Boila ya gesi ya siku hizi hulinasa joto likabaki kwenye maji, na kinachotoka juu huenda kikawa na nyuzi 120 au 150 tu. Mvuke huo ukigusa kitu chenye joto la chini ya nyuzi 50 hivi, unageuka maji hapo hapo.

Mtu atasema Mombasa ni joto, hapa si Ulaya. Kweli, lakini ukuta wa matumbawe wenye unene wa nusu mita ukilala usiku kucha, alfajiri una nyuzi 25 au 26, na huchukua muda mrefu kushika moto. Tanuri la nyumbani huwashwa saa kumi alfajiri likazimwa saa mbili asubuhi, na dohani haijapata joto mpaka juu. Kila siku inalowa, kila siku inakauka nusu.

Sasa ongeza masizi ya miaka iliyopita. Dizeli inayouzwa Kenya tangu 2015 ina salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Lakini masizi ya dohani nyingi yalianza kujikusanya kabla ya hapo, na wako waliokuwa wakichoma mafuta mazito ya viwandani, au oili chafu ya magari iliyochujwa kwa kitambaa, ambayo ina salfa nyingi na majivu ya metali. Salfa hiyo inakaa ndani ya masizi. Yakiwa makavu hayana madhara makubwa. Yakilowa kwa mvuke wa gesi, maji yake yanakuwa asidi, na asidi hiyo inakutana na chokaa. Hapa kwetu jambo hili ni zito kuliko kwingine, kwa sababu jiwe la matumbawe lenyewe ni chokaa, na udongo ulioliunganisha ni chokaa pia. Asidi hulila likawa jasi, jasi huvimba, jiwe likapasuka na kumong'onyoka kutoka ndani, mahali ambapo hakuna anayeona. Dalili ya kwanza hujitokeza upande wa chumbani: doa la manjano au la kahawia kwenye plasta, rangi inayobambuka, unga mweupe unaobaki kwenye kiganja ukipangusa ukuta. Watu hudhani ni chumvi ya bahari, wakapaka rangi tena.

Madhara mengine ni ya haraka zaidi. Masizi yaliyolowa hulegea, yakaanguka mapande mapande mpaka chini, pale bomba la boila linapoingia dohanini. Yakirundikana hapo, njia inaziba. Bana ya dizeli ikizibwa hutoa moshi mweusi, macho yakawasha, kila mtu akakimbilia nje. Moto wa gesi ukikosa pumzi hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Tunaomba wasomaji walishike hili: ile harufu ya yai viza inayotiwa kwenye gesi ya mtungi ni ya gesi ambayo haijaungua. Inakuonya kuhusu kuvuja. Ikishaungua, harufu imekwisha, na kaboni monoksidi haina kitu cha kukuamsha. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Watu husema ni malaria au ni jua. Wakiumwa nyumba nzima kwa pamoja, na kupata nafuu wakitoka nje, zima moto, fungua milango, toka, kisha nenda hospitali ukawaambie kuna boila ya gesi nyumbani.

Kazi ya kusafisha dohani huanza siku moja kabla. Boila au tanuri lizimwe, koki ya mafuta ifungwe, umeme wa bana ukatwe kwenye swichi kuu, dohani iachwe ipoe saa 24. Fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, si kitambaa cha kujifunga puani, maana masizi ya mafuta yana vitu vya kudhuru mapafu na ngozi. Tundu zote za chini zizibwe kwa gunia bichi. Brashi ipite kutoka juu kwenda chini, na iwe na upana sawa na tundu la dohani. Brashi ndogo inachora mstari katikati na kuacha kingo. Kwa ukuta wa mawe au matofali tumia brashi ya waya. Kwa bomba la stenlesi tumia ya nailoni, kwa sababu waya wa chuma huacha chembe zinazoshika kutu na kuitoboa stenlesi. Kama bomba la zamani ni la asbesto, lile la kijivu linalofanana na saruji, lisiguswe kwa brashi wala msumeno. Hiyo ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ya kushughulikia taka za aina hiyo.

Baada ya kupiga brashi, zoa kitako cha dohani mpaka uguse jiwe. Hapa ndipo wengi wanapolegea, kwa sababu masizi ya kitakoni hugandamana kama lami na kuonekana kama sakafu. Gonga kwa patasi. Fungua bomba la mlalo linalotoka kwenye boila, lisafishwe peke yake nje, na mabomba ya ndani ya boila vilevile. Sehemu za chuma zinazobaki zipanguswe kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya magadi, kilo moja kwa dumu la lita 20, ili kuua asidi, kisha zikaushwe. Ukuta wa matumbawe usioshwe kwa magadi wala kwa maji ya aina yoyote. Jiwe lile hunywa, na chumvi itatoka upande wa pili. Masizi yafungwe kwenye magunia ya plastiki. Yasimwagwe mtaroni, kwa kuwa mitaro yetu mingi inaishia baharini.

Ukaguzi ufanywe dohani ikiwa safi, si kabla. Weka kioo kitakoni mchana: ukiona anga kamili, pembe zote nne, njia iko wazi. Ukiona nusu, kuna pembe iliyopinda, jiwe lililoanguka, au matagaa na vipande vya waya vilivyoletwa na kunguru. Simu yenye taa, ikishushwa kwa kamba huku inarekodi, inaonyesha nyufa ambazo zamani zilihitaji kamera ya bei kubwa. Kisha ufanye jaribio la moshi: washa makumbi machache mabichi kitakoni, moshi ukishatoka juu vizuri ziba juu kwa gunia bichi, halafu tembea nyumba nzima. Ingia kila chumba dohani inapopita, panda ghorofani, na umwombe jirani akufungulie, kwa sababu katika Mji wa Kale ukuta mmoja hutumika na nyumba mbili, na ufa wako unaweza kufungukia chumba chake cha kulala. Angalia pia boriti. Katika nyumba za zamani vichwa vya boriti za mikoko vimeingizwa ukutani karibu kabisa na dohani. Boriti iliyokaushwa na moto kwa miaka mingi huwa nyeusi kichwani na hushika moto kwa joto dogo kuliko mti mbichi. Ukikuta kichwa cheusi, kikatwe na boriti ishikiliwe kwa njia nyingine kabla ya kazi kuendelea.

Tuje kwenye kipimo, ambako hata mafundi hukosea. Dohani ya kale ilijengwa kwa kuni au kwa dizeli, na ni pana. Gesi ikiingia kwenye tundu pana hutembea polepole, hupoa, huwa maji. Kanuni ya gesi ya Marekani inasema tundu la dohani lisizidi mara saba ya tundu la kutokea la kifaa chenye mvuto wa asili, yaani kisicho na feni, na lisiwe dogo kuliko hilo tundu la kifaa. Chukua mfano. Boila ina tundu la mviringo la inchi 4. Eneo lake ni kama inchi za mraba 12 na nusu, na mara saba yake ni 88. Dohani ya mraba yenye inchi 12 kila upande ina inchi za mraba 144. Imepita kiasi. Itavuta vibaya na kulowa kila siku hata kama ni nzima na safi. Kanuni hiyo hiyo ya Marekani, ambako nyumba nyingi za kaskazini-mashariki hupashwa joto kwa mafuta, inataka dohani iliyowahi kutumika kwa mafuta au kuni isafishwe kabla ya kuunganishwa na gesi. Hawakuiandika kwa kupenda karatasi.

Dawa ni kuingiza bomba jipya ndani ya dohani ya zamani. Kwa boila ya kilowati 30 na dohani ya mita 6, bomba la inchi 5 kwa kawaida linatosha, ila jedwali la mtengenezaji wa kifaa ndilo linaloamua, na bomba lisiwe jembamba kuliko tundu la kifaa. Sisi tunasema bila kusita: stenlesi ya daraja la 316L, si la 304, na si bati la zinki. Wauzaji watakwambia 304 ni stenlesi ile ile na ni nafuu. Inafaa Nakuru. Hapa hewa ina chumvi, na chumvi huitoboa 304 vitundu vidogo kama vya sindano, hasa pale juu karibu na kofia ambapo maji ya asidi na hewa ya bahari hukutana. Bati la zinki ndilo baya zaidi. Huliwa kutoka ndani, na siku ya kutoboka huna taarifa. Vishikizo na skrubu viwe stenlesi pia. Ukichanganya na bati, moja itamla mwenzake.

Bomba la kunyumbulika hushushwa kutoka juu kwa kamba, kipande kimoja bila kiungo. Likiwa la vipande vigumu, angalia mwelekeo wa viungo, kwa maana hapa ndipo kosa la kawaida zaidi lilipo. Kipande cha juu kiingie ndani ya kipande cha chini. Fundi aliyezoea mabomba ya moshi hufanya kinyume, kwa hofu ya mvua kuingia. Kwa gesi, maji yanateremka kutoka ndani. Kiungo kikigeuzwa, yanatokea kwenye kila kiungo na kulowesha matumbawe yale yale tuliyotaka kuyalinda. Kila kiungo kipigwe skrubu tatu. Chini pawe na tii, yaani kiungo cha njia tatu, mdomo wake wa chini ukiwa na kifuniko cha kufungulika na paipu ndogo ya plastiki ya kutolea maji, yenye kona ya kushika maji ili hewa chafu isipite. Kona hiyo ijazwe maji siku ya kwanza. Nafasi kati ya bomba jipya na ukuta wa zamani, ijazwe pamba ya mawe au vamikulaiti kavu angalau sehemu inayotokeza juu ya paa, ambako upepo unalipoza zaidi. Isijazwe zege. Zege hulibana bomba likashindwa kurefuka linapopata moto, na siku ya kulibadilisha utavunja ukuta.

Bomba la mlalo kutoka kwa kifaa lipande sentimita 2 kwa kila mita, lisiwe refu, na urefu wake usizidi robo tatu ya urefu wa kwenda juu. Viwiko viwili vinatosha. Kilango cha mvuto kilichokuwa cha dizeli, kile kinachojifungua chenyewe kuingiza hewa bombani, kiondolewe. Kile hufunguka upande mmoja tu, na gesi ina kofia yake ya mvuto, ule mdomo wazi juu ya kifaa, au kilango cha pande mbili kulingana na bana. Na kile kibamba cha kufunga dohani kwa mkono, ambacho wapishi hukipenda kwa kubakiza joto tanurini, king'olewe kabisa. Kwenye kuni kilikuwa na kazi. Kwenye gesi ni mtego.

Juu ya paa, mdomo wa dohani uwe sentimita 90 juu ya pale unapotokea, na sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Hesabu na tangi la maji la plastiki, na ukuta wa jirani aliyeongeza ghorofa baada ya dohani yako kujengwa. Mombasa ina pepo mbili, na kila moja ina upande wake. Dohani inayovuta vizuri wakati wa kaskazi inaweza kurudisha hewa chini kusi likianza, kwa sababu upepo mkali wa kusini unapiga ukuta mrefu na kushuka. Kofia iwe ya kuzuia upepo wa pande zote, yenye wavu wa matundu ya sentimita 1 na nusu hivi ili kunguru na popo wasiingie. Wavu wa mbu haufai. Utaziba kwa vumbi na chumvi. Bomba lisipitishwe kwenye makuti. Lizungushwe nje, mbali.

Ikiwa dohani imeharibika kiasi cha kutotengenezeka, iko boila ya gesi iliyofungwa, yenye feni, inayovuta hewa na kuitoa kwa bomba moja linalotoboa ukuta. Ni njia nzuri, lakini si ya kichochoro cha Mji wa Kale ambako dirisha la jirani liko mita 2 mbele yako. Na kabla ya kutoboa ukuta wa mbele wa nyumba ya hapo, zungumza na Ofisi ya Uhifadhi wa Mji wa Kale, iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa. Dohani iliyostaafu isizibwe kabisa: ifunikwe mvua juu, iachiwe tundu la kupumua juu na chini, la sivyo itatoa jasho ndani.

Hakuna dohani inayovuta kama chumba hakina hewa. Chumba chenye boila ya kilowati 30 kinahitaji kuwa na mita za ujazo 145 hivi kama hakina matundu, na ni vyumba vichache vya uani vyenye ukubwa huo. Kwa hiyo weka matundu mawili ya kwenda nje, moja ndani ya sentimita 30 kutoka sakafuni, jingine ndani ya sentimita 30 kutoka darini. Kila moja liwe na eneo wazi la sentimita za mraba 165, yaani kama 13 kwa 13. Likiwa na fito za mbao, liongezwe mara nne. Tundu la chini lina kazi nyingine: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili, ikivuja hutambaa sakafuni, na hapo ndipo pa kutokea. Mahali pa kuokea, matundu yafagiliwe kila wiki, kwa maana unga hushika kwenye wavu kama utandu. Feni kubwa ya kutoa joto jikoni isiwekwe chumba kimoja na boila. Ikiwaka, huvuta hewa chini kupitia dohani.

Mitungi ikae nje, wima, kivulini, juu ya zege, angalau mita 1 kutoka mlango au dirisha na mita 2 kutoka mtaro. Boila ya kilowati 30 hula kama kilo 2.3 za gesi kwa saa. Mtungi mmoja wa kilo 13 hauwezi kutoa gesi kwa kasi hiyo. Utapoa, utafanya barafu nje, na moto utafifia. Watu huumwagia maji ya moto au kuuwekea makaa chini. Tafadhali, asifanye hivyo mtu yeyote. Unganisha mitungi miwili ya kilo 50 au zaidi kwa paipu moja na regyuleta inayolingana na maelezo ya kibati kilichobandikwa kwenye kifaa.

Siku ya kuwasha, jaribu mvuto kabla ya kusherehekea. Funga milango na madirisha kama yanavyofungwa usiku, washa feni zote za nyumba, washa boila, subiri dakika 5. Shika udi unaofuka kwenye ukingo wa kofia ya mvuto, uzungushe polepole pande zote. Moshi ukivutwa ndani, sawa. Ukitulia au ukisukumwa usoni, zima, hakuna kulala na kifaa hicho mpaka sababu ipatikane. Moto uwe wa buluu na umetulia. Ncha ndefu za manjano maana yake hewa haitoshi. Fundi mwenye kipimo cha hewa ya dohani akionyeshe: kaboni monoksidi ikizidi sehemu 100 katika milioni, bana haijarekebishwa vizuri. Weka king'ora cha kaboni monoksidi ukutani kwa kimo cha kichwa, kingine karibu na vyumba vya kulala, na king'ora cha gesi sentimita 30 kutoka sakafuni. Ni vifaa viwili tofauti, kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake.

Tangi la dizeli lisisahauliwe. Likishamwagwa, paipu ya kujazia na ile ya kupumulia zing'olewe siku hiyo hiyo. Marekani imewahi kutokea gari la mafuta likajaza nyumba ambayo tangi limekwisha kuondolewa, paipu ikiwa imebaki ukutani. Na lisikatwe kwa moto wala kwa mashine ya kukatia hata likionekana kavu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Ombi letu kwa Kaunti ya Mombasa ni hili: afisa wa zimamoto anapokagua nyumba au biashara iliyofunga mitungi ya kilo 50, asiishie kwenye mitungi na kizima moto. Aombe kuoneshwa kitako cha dohani kikiwa wazi. Na wauzaji wa gesi wanaopeleka mitungi kwa mteja mpya aliyetoka dizeli wamuulize swali moja tu: dohani imesafishwa lini?

Kwa waliokwisha kuhama bila kufanya haya, au waliosafisha wakaona imekwisha, fungueni kifuniko cha tii au mlango wa kitako baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi. Masizi yaliyokwama kwenye nyufa hulegezwa na mvuke polepole na kuanguka baadaye. Yakifika ujazo wa kopo la kilo moja ya unga, dohani ipigwe brashi upya. Baada ya hapo ni mara moja kwa mwaka, mwezi wa Februari, kabla ya masika na kabla kusi halijaanza kuvuma.

Wasomaji wenu,
Mafundi wa boila na matanuri,
Mombasa